Fidia Hupotea Wiki ya Kwanza

Watu wa nje wakisikia mfanyakazi ameumia na hakulipwa, hudhani amedhulumiwa mahakamani, au kampuni ya bima imemzungusha mpaka akachoka. Hayo yapo, nitayafikia. Lakini mimi ninayeshika mafaili haya kila siku nakuambia kwamba wengi huipoteza haki yao mapema zaidi, kabla wakili hajalisikia jina lao na kabla bima haijajua kuna mtu aliyeumia. Huipoteza ndani ya wiki ya kwanza, kidonda kikiwa bado kibichi, kwa sababu ya kitu alichoandika mtu mwingine kwenye karatasi ambayo mgonjwa mwenyewe hakuisoma.

Mimi ni mwakilishi wa wafanyakazi wa viwanda vya upande wa Miritini na Jomvu, Mombasa. Nilianzia kwenye mashine za mabati, wenzangu wakanichagua, na siku hizi kazi yangu kubwa katika tawi la chama ni majeraha: kufuatilia fomu, kukaa na wajane, kubishana na makarani. Sheria ninayofanya nayo kazi ni ile ya Mafao ya Majeraha Kazini ya mwaka 2007. Hakuna anayeiita hivyo. Kila mtu anasema WIBA, mpaka mama anayetuuzia chai getini.

Kwa maandishi ni sheria nzuri, na nasema hivyo kwa dhati. Haiulizi kosa lilikuwa la nani. Ukiumia ukiwa kazini mwajiri anawajibika, hata kama ni wewe uliyeteleza. Anayekosa ni yule aliyejitakia kwa makusudi. Inamtaka mwajiri akate bima na aidumishe. Inamtaka alipe matibabu, dawa, nauli ya kwenda hospitali, hata mguu wa bandia ukihitajika. Ukikaa nje ya kazi siku tatu au zaidi kwa sababu ya jeraha, unastahili kuendelea kupata kipato chako, mpaka miezi 12. Ukibaki na ulemavu wa kudumu, huchukuliwa kipato cha miezi 96 na kuzidishwa kwa asilimia ya ulemavu wako. Ukifa, wategemezi wako wana haki yao. Wala haisemi kwamba haya ni ya walioajiriwa kwa barua tu. Kibarua wa siku moja naye ni mfanyakazi.

Sasa nikuonyeshe inavyoharibika.

Kijana mmoja wa shifti ya usiku alikuwa kwenye mashine ya kukata bati. Kikingio cha mbele kilikuwa kimefunguliwa tangu mchana kwa sababu bati lilikuwa linakwama, na hesabu ya shifti ilikuwa nyuma. Kisu kikamshukia. Kidole cha shahada cha mkono wa kulia kikaenda chote. Msimamizi hakuita ambulensi. Alimfunga kitambaa, akampakia kwenye tuktuk pamoja na mwenzake mmoja, akampa huyo mwenzake pesa taslimu na kuwaelekeza zahanati fulani ya mtaani. Hospitali kubwa, akasema, watakaa foleni mpaka asubuhi. Tuktuk haijafika mbali, simu ikalia: mkiulizwa, semeni alikuwa anapasua kuni nyumbani, maana mkitaja kiwanda mtatakiwa barua na hamtatibiwa upesi.

Mtu anavuja damu, yuko na maumivu, na aliyemlipia matibabu ndiye anayemwambia la kusema. Atabisha vipi?

Nakala ya kadi ile ninayo. Kwa kalamu ya buluu, mwandiko wa haraka, pameandikwa tarehe, jina, umri, halafu chini yake maneno machache ya daktari: jeraha la kukatwa, nyumbani, panga. Basi. Faili lilipofika kwa bima, karani aliyelipokea hakuwa na haja ya kusoma kurasa nyingine. Alizungushia duara neno "nyumbani".

Wasiokaa viwandani huniuliza, msimamizi anafaidika nini? Anafaidika na mengi. Getini kuna ubao unaoandikwa siku ambazo kiwanda kimekaa bila ajali, na kuna bonasi inayofuata ubao huo. Ajali ikiripotiwa, mkaguzi wa usalama anaweza kuja, na swali lake la kwanza litakuwa kuhusu kile kikingio: nani alikifungua, kwa ruhusa ya nani. Bima nayo ikiona madai mengi, hupandisha ada mwaka unaofuata. Kwa hiyo kutoka kwa msimamizi mpaka kwa meneja, kila mtu ana sababu yake ya kutaka kidole hicho kiwe kilikatwa nyumbani.

Kilichomwokoa kijana yule ni daftari la askari wa getini. Wale askari wameajiriwa na kampuni nyingine, na hakuna aliyekumbuka kuwapanga. Askari wa zamu aliandika kama anavyoandika kila kitu: saa nane na dakika ishirini usiku, tuktuk imetoka, abiria wawili, mmoja ameumia mkono. Mwenzake alikuwa na akili ya kuupiga picha ukurasa ule kwa simu asubuhi wakati wa kutoka shifti. Nilipokwenda kuliomba daftari lenyewe baadaye, niliambiwa limejaa na limepelekwa ofisi kuu ya kampuni ya ulinzi. Picha ikatosha. Tulirudi nayo zahanati, daktari akakubali kuandika barua ya kueleza kwamba maelezo ya awali aliyapata kwa aliyemleta mgonjwa.

Ndiyo maana nawaambia wanachama wetu, na nakuambia nawe: mgonjwa akifikishwa hospitali, aliye naye ahakikishe pameandikwa kazini, jina la kiwanda, mashine gani, saa ngapi. Na taarifa kwa mwajiri itolewe mapema. Sheria inaikubali hata ya mdomo, lakini ya mdomo hukanwa. Ujumbe wa simu kwa msimamizi ni maandishi. Andika "nimeumia leo kwenye mashine fulani, shahidi ni fulani", tuma, usiufute.

Baada ya hapo mwajiri ana siku saba za kuripoti kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini. Kwa kifo, habari inatakiwa ndani ya saa 24. Fomu yenyewe inaitwa DOSH/WIBA 1, hujazwa nakala tatu. Sehemu ya kwanza hujazwa na mwajiri, ya pili na daktari. Hapa ndipo pana fundo ambalo mtu wa nje halioni: ushahidi wa ajali unaanzia mkononi mwa yule atakayedaiwa. Akikataa kujaza, ni kosa la jinai, lakini sijawahi kuona mgonjwa akila kosa la jinai la mwajiri wake. Anachoweza kufanya, na sisi humsaidia kufanya, ni kwenda mwenyewe kwenye ofisi ya usalama kazini na ushahidi wake, na afisa akamwandikia mwajiri kumtaka ajaze. Njia hiyo hufanya kazi ikitumiwa mapema. Ikitumiwa baada ya miezi minane, mashahidi wa shifti ile wameshatawanyika, mmoja yuko Kilifi, mwingine amevuka kwenda Uarabuni kutafuta maisha, na kontrakta aliyewaleta amebadilisha jina la kampuni.

Kontrakta ni habari ndefu. Viwanda vingi huku havina tena wafanyakazi wengi wao wenyewe. Vina watu wa ofisini, mafundi wachache, na kontrakta anayeleta vibarua asubuhi na jioni. Kibarua akiumia, kiwanda kinasema si wetu, kontrakta anasema mashine ni yao. Bima ya kiwanda ina orodha ya majina, jina lake halimo. Bima ya kontrakta, ukiomba kuiona, unaonyeshwa cheti kilichokwisha muda, au cheti kizuri kabisa ambacho ada yake ililipwa awamu ya kwanza tu. Nimeshaona cheti kimebandikwa ukutani na kuwekewa kioo, na kampuni ya bima ikatuandikia kwamba hawana mkataba hai na mteja huyo. Hilo halimwondolei mwajiri deni. Bila bima anadaiwa yeye mwenyewe. Lakini kumdai mtu ambaye mali yake yote ni lori la kukodi na simu mbili ni kazi ya kukuzeesha.

Kuna jambo jingine kwa vibarua ambalo sijui kama watunga sheria waliwahi kulisikia. Wengi hufanya kazi kwa kitambulisho cha mtu mwingine. Cha kwake kimepotea na foleni ya kipya ni ndefu, au hajafikisha umri, au kontrakta alisema nafasi imeshaandikwa jina la binamu yake basi aingie kwa jina hilo. Siku zinakwenda, hakuna anayejali. Akiumia, daftari la mahudhurio linasema aliyekuwa kwenye mashine ni mtu mwingine, mzima wa afya, yuko Kaloleni anauza nazi. Hospitali amejiandikisha kwa jina lake la kweli. Sasa una jeraha la mtu asiyekuwepo kazini, na una mfanyakazi ambaye hakuumia.

Faili la namna hiyo tuliwahi kulinusuru kwa M-Pesa. Kontrakta alikuwa akimlipa kibarua huyo kila Jumamosi kwenye namba yake mwenyewe, si ya binamu. Tulimwambia aombe taarifa ya miamala ya miezi sita. Ikatoka, kiasi kilekile, siku ileile ya wiki, kutoka namba ileile. Binamu naye akala kiapo kwa wakili kwamba hakuwahi kukanyaga kiwanda hicho. Afisa aliyesikiliza alikuwa mtu mwenye subira, akaipanga miamala mezani kama karata na akamuuliza kontrakta ilikuwa zawadi ya nini. Madai yakaendelea. Kwa hiyo kama unalipwa kwa simu usibadilishe laini ovyo, na kama unalipwa taslimu, jaribu walau uwe na shahidi.

Twende kwenye sehemu ya daktari, ambayo kila mtu huidharau. Asilimia anayoiandika pale ndiyo pesa. Sheria ina jedwali: kiungo hiki kikipotea ni asilimia fulani, pingili moja ni tofauti na pingili tatu. Tuseme una kipato cha shilingi 18,000 kwa mwezi. Miezi 96 ni shilingi 1,728,000. Daktari akiandika asilimia 10, unapata 172,800. Akiandika 6, unapata 103,680. Kalamu yake ikisogea kidogo tu, kodi ya nyumba ya mwaka mzima imekwenda.

Jedwali linajua kuhesabu kilichokatika. Haliwezi kukushikia spana. Kuna bwana mmoja mkono wake uliingia kwenye rola, ukatoka na vidole vyote vitano, vimenyooka, ngozi imepona vizuri. Ukiutazama juu ya meza ni mkono mzima. Mwambie akunje ngumi, vidole viwili vinafika nusu ya njia, kile cha kati hakisogei kabisa, na kidole gumba kinatetemeka. Mwambie akupokee kikombe cha chai, anakipokea kwa viganja viwili. Daktari wa kwanza alimwona bendeji ikiwa bado haijatoka, akaandika asilimia ndogo kwa sababu hakuna kilichokatika. Tulimwomba bwana huyo asubiri. Jeraha la kusagwa halipimwi mapema. Mishipa na maungio huonyesha hali yake kidonda kikishafunga na mazoezi ya viungo yakishafanyika. Alipopimwa upya, daktari alimpa kipande cha bomba akishike, akaona kinavyomdondoka, akaandika asilimia nyingine kabisa. Mwenye jeraha asikubali fomu ifungwe haraka kwa sababu tu karani wa kiwanda anataka kumaliza faili kabla ya mwisho wa mwezi. Muda wa kuwasilisha madai ni miezi 12 tangu ajali. Ni mfupi, lakini unatosha kusubiri mkono upone.

Halafu kampuni ya bima humtaka mgonjwa aonwe na daktari wao. Ni haki yao kutaka maoni ya pili, sibishi. Ninachobisha ni mgonjwa kwenda peke yake bila picha zake za eksirei na bila barua ya mtaalamu wa mazoezi, akaulizwa "unaumwa?" naye kwa adabu akajibu "sijambo, nashukuru Mungu". Jibu hilo nimelikuta kwenye ripoti: mgonjwa anasema hana malalamiko. Sisi watu wa pwani tumelelewa kujibu hivyo hata tukiwa kitandani. Nawaambia, kwa daktari wa bima jibu ulivyo. Sema usiku huwezi kulala upande ule. Sema vifungo vya shati anakufungia mtoto.

Kipato nacho huchezewa. Mwajiri huandika mshahara wa msingi tu. Lakini saa za ziada, kama ni za kila wiki na si za bahati, huingia kwenye hesabu, pamoja na thamani ya chakula au nyumba anayokupa. Mtu aliyekuwa akipeleka nyumbani 18,000 anaandikiwa 13,000. Kwa asilimia 10, hapo amepunguziwa shilingi 48,000 bila mtu kupandisha sauti. Hati za mshahara zinatupwa nyumbani kama karatasi za kufungia maandazi, ziwekeni.

Na matibabu yenyewe. Siku hizi kiwanda kinamwambia mtu atumie SHA, bima yake ya afya ya jamii, hospitalini. Huo ni mchango wake yeye na familia yake, kwa malaria na uzazi. Gharama za jeraha la kazini ni za mwajiri. Mgonjwa akishaitumia, hospitali inarekodi ugonjwa wa kawaida, na ile habari ya kazini inafifia zaidi.

Kuna karatasi nyingine huletwa wodini. Afisa wa kiwanda anakuja na matunda na bahasha, anampa pole, kisha anamtolea karatasi ya kusaini kwamba amepokea msaada na hatadai kitu kingine. Wake za wagonjwa huniita wakilia kwamba mume ameshasaini, mambo yamekwisha. Hayajakwisha. Sheria inasema makubaliano ya mfanyakazi kuachilia haki zake za mafao hayana nguvu. Lakini mwenyewe akiamini yamekwisha, hatakuja ofisini, na miezi 12 itapita. Karatasi ile inafanya kazi kwa hofu tu.

Sasa mahakama. Zamani mtu aliyeumia alikwenda kwa wakili, wakili akafungua kesi kwa hakimu, na mabroka walikuwa wakizunguka wodi za mifupa kutafuta majeruhi. WIBA ilisema madai yaanze kwa Mkurugenzi, si mahakamani. Mawakili walipinga kifungu hicho, kesi ikapanda kutoka Mahakama Kuu hadi ya Rufani, na tarehe 3 Desemba 2019 Mahakama ya Juu ikaamua kwamba sheria iko sawa. Uamuzi ule ulikuwa na maana kubwa kwa watu wangu, kwa sababu mahakimu wakaanza kuyakataa mafaili waliyokuwa nayo. Watu waliokuwa wamefungua kesi kwa nia njema wakaambiwa walikuja mlango usio wao. Ilipofika Aprili 2023, Jaji Mkuu alitoa mwongozo wa nini kifanyike kwa kesi zilizokuwa zimekwama. Kwa aliyekuwa amepoteza mguu mwaka 2016, ni miaka mingi ya kulishwa na ndugu.

Bado nawapata watu waliompa wakili faili mwaka mzima bila taarifa kufika kwa Mkurugenzi. Mabroka hawajatoka wodini. Kwa hiyo nasema wazi: mlango wa kwanza ni ofisi ya usalama na afya kazini. Huko hulipi. Afisa hukagua, hukokotoa, na kumwandikia mwajiri kiasi anachodaiwa. Usiporidhika una siku 60 za kupinga kwa Mkurugenzi mwenyewe, na jibu lake likikushinda, siku 30 za kukata rufaa katika Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi. Wakili anafaa sana hapo. Kabla ya hapo, mwakilishi anayejua fomu anatosha.

Bima ikishapokea madai inatakiwa ilipe ndani ya siku 90. Siku hizo hupita. Barua inakuja siku ya 80 na kitu kuomba nakala iliyothibitishwa ya kitambulisho, ambayo ilikuwa ukurasa wa pili wa faili. Ukipeleka, wanaomba muhuri wa hospitali ambao haukutokea vizuri. Na mwajiri akikataa kabisa kulipa alichokadiriwa, sheria haikueleza waziwazi namna ya kumkamua. Majaji wenyewe wametofautiana juu ya kama wanaweza kuugeuza uamuzi wa Mkurugenzi kuwa hukumu ya kukamatia mali. Hilo shimo liko katikati ya sheria na linafahamika. Bunge halihitaji tume kuliziba.

Wenzetu wakivuka Lunga Lunga kwenda Tanga hurudi na habari za mfuko wa kule. Tanzania tangu 2015 mwajiri anachangia Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, sasa ni nusu asilimia ya mishahara anayolipa, na madai yanakwenda kwa mfuko huo wa umma badala ya kampuni binafsi za bima. Aliyepata ulemavu unaozidi asilimia 30 analipwa pensheni ya kila mwezi. Kule nako lazima ajali iripotiwe, lazima daktari aandike, sidhani wamepona maradhi ya wiki ya kwanza. Ila yule mwenye ulemavu mkubwa halipwi kwa mkupuo, pesa ambazo kwetu nimeziona zikiisha kwa harambee za ukoo na pikipiki iliyoibwa. Hiyo pensheni naitamani.

Vifo sipendi kuviandika, ila hili lisemwe. Mtu akifa kazini, familia inazika kwanza, na hivyo ndivyo inavyopaswa kuwa. Kiwanda kinatoa jeneza, gari, na magunia ya mchele, watu wanashukuru. Baada ya arobaini mjane anakuja ofisini, na hapo ndipo tunagundua mwili haukufanyiwa uchunguzi, kibali cha mazishi kinasema ugonjwa wa moyo, na marehemu alianguka kutoka juu ya ngazi. Upande wetu huu Waislamu tunazika siku hiyohiyo, na sitamwambia mtu acheleweshe maiti kwa ajili ya fomu. Lakini mtu mmoja wa familia, shemeji, kaka, yeyote asiyehusika na kuosha na kuchimba, aende polisi na hospitali mchana ule ule aandikishe kifo kimetokea wapi na vipi. Kisha barua ya chifu inayotaja wategemezi wote. Wote, nasisitiza. Mke wa pili akifichwa, atatokea siku ya malipo na kila kitu kitasimama.

Faili ninalohangaika nalo wiki hii si la kidole wala la kifo. Ni mzee wa mashine ya kunyoosha nondo, anaambiwa aongee taratibu kwa sababu anapiga kelele bila kujua. Hasikii. Uziwi wa kelele za kazini unakubalika kama ugonjwa wa kazi, lakini fomu ina kisanduku cha tarehe ya ajali, na yeye hana tarehe. Karani wa kiwanda anasema bila tarehe hajazi. Nimemwandikia kwamba tutaweka siku mzee aliyopimwa masikio na daktari akamwambia chanzo chake, na nimeambatanisha majibu ya kipimo. Nimemtaka pia atoe rekodi za upimaji wa kelele kiwandani na za masikio ya wafanyakazi wa mashine zile. Kama zipo, zitaonyesha usikivu wake ulianza kushuka lini. Kama hazipo, hilo nalo nitamwomba mkaguzi aliandike. Mzee bado anaingia shifti ya asubuhi kwenye mashine ileile, na vizibo vya masikio alivyopewa ni vya sponji, vya kutumia mara moja, anavifua nyumbani.